Mwongozo kamili: jinsi ya kumtambua nyigu msumeno anaekula mti wako, kuanzia kuhesabu miguu hadi jina la spishi

Ukikuta majani yanaliwa afu kwenye kingo za jani kuna vidudu laini vimejipanga vinakula, wengi wetu tunasema hapo hapo "viwavi hao", na mara nyingi tumekosea. Kuna kundi zima linaitwa nyigu msumeno, hawa ni ndugu wa nyuki, nyigu na siafu (oda ya Hymenoptera), ila mdudu mzima hana kile kiuno chembamba cha nyigu na wala hachomi, mana hana mwiba. Jike ana kifaa cha kutagia mayai chenye meno meno anachopasulia jani, sindano ya msonobari (jani lake jembamba) au kijitawi kichanga, ndo jina limetoka hapo. Wanaokula mti sio hao wakubwa, ni watoto wao, na watoto wao wanafanana na viwavi wa nondo kiasi kwamba hata watu wa kilimo wanachanganya. Humu nitasema "kiwavi" kwa mtoto wa nondo au kipepeo, na "lava" kwa mtoto wa nyigu msumeno, ili tusipotezane.

Kwanini ujisumbue kujua? Sababu kubwa ni dawa. Ile dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis aina ya kurstaki ambayo watu wengi wanaipenda mana haidhuru wadudu wengine, inafanya kazi kwa viwavi wa nondo na vipepeo tu. Ukimpulizia lava wa nyigu msumeno ataendelea kula kama kawaida, umepoteza hela na umepoteza siku ambazo mti ulikuwa unazihitaji. Pia kuna spishi zinazokula majani ya zamani tu na mti unapona wenyewe, na kuna zinazokula yote na mti wa msonobari ukabaki fimbo, sasa bila kujua ni nani huwezi kuamua kama uchukue hatua au uache.

Duniani zipo zaidi ya spishi 8,000 za hawa wadudu kwahiyo usiogope kama hupati jina siku ya kwanza. Mimi nafuata mpangilio huu na naushikilia sana: miguu kwanza, mti wa pili, namna anavyokula wa tatu, rangi ya mwisho. Watu wanaanza na rangi, na rangi ndo kitu kinachodanganya kuliko vyote, nitaeleza kwanini huko chini.

Hatua ya 1: Piga picha kabla hujagusa kitu

Lava wengi wakiguswa wanadondoka chini au wanajikunja, na ukishamvuruga hutapata tena alivyokuwa amekaa. Piga picha ya kundi zima kama wako wengi, piga mmoja kwa upande hadi miguu yote ionekane (hii ndo picha muhimu kuliko zote, ukipata moja tu pata hii), piga kwa juu mgongoni, piga kichwa uso kwa uso, afu jani lililoliwa pande zote mbili, afu mti mzima. Weka rula au sarafu pembeni kwenye picha moja ili ukubwa ujulikane. Simu nyingi zikisogezwa karibu sana picha inakuwa na ukungu, bora urudi nyuma kidogo afu uikuze baadae. Andika tarehe na mahali hapo hapo, usisubiri ufike nyumbani.

Hatua ya 2: Hesabu miguu

Hapa ndo utajua kama ni nyigu msumeno au la, kwahiyo usiharakishe. Chukua lenzi ya mkono, ya kukuza mara 10 inatosha. Nyuma ya kichwa kuna jozi tatu za miguu migumu yenye viungo, hiyo ni miguu ya kifua na wote wanayo, kiwavi na lava. Achana nayo. Nenda nyuma zaidi, kwenye tumbo, kuna miguu minene, laini, mifupi. Hesabu hiyo, pamoja na ile jozi ya mwisho kabisa mkiani.

Kiwavi wa nondo au kipepeo ana jozi 5 au pungufu. Lava wa nyigu msumeno anaekula majani nje nje ana jozi 6 au zaidi, wengi 7 au 8. Ukipata 7 au 8 na mwili hauna manyoya, umemaliza kazi ya hatua hii, ni nyigu msumeno.

Kama kuhesabu kunakushinda mana ni mdogo au amejikunja, tumia nafasi iliyo kati ya miguu ya kifua na mguu wa kwanza wa tumbo. Kwa lava wa nyigu msumeno kuna pingili moja tu isiyo na mguu hapo katikati, kwa kiwavi wa kawaida ziko mbili, afu wale viwavi wanaotembea kwa kujikunja na kujinyoosha wanakuwa na pengo refu zaidi. Kitu kingine ni jicho: lava ana kijicho kimoja kikubwa cheusi kila upande wa kichwa, kiwavi ana vidoa vidogo vidogo kadhaa, mara nyingi sita. Na ukimgeuza tumbo juu chini ya lenzi, miguu ya tumbo ya kiwavi ina ndoano ndogo ndogo mwishoni, ya lava haina.

Tabia nayo inasaidia. Lava wengi wanaokaa kwa makundi ukiwasogelea au ukitikisa tawi wanainua mkia wote kwa pamoja wakajikunja kama herufi S huku wameshika kingo ya jani kwa miguu ya kifua. Viwavi wachache sana wanafanya hivo kwa pamoja.

Sasa yapo ya kuchanganya na lazima uyajue. Viwavi wa nondo wa familia ya Megalopygidae wana jozi 7 za miguu ya tumbo, ila wana manyoya mengi na ni hatari kuwashika, wanachoma vibaya, hivo chochote chenye manyoya marefu usikiguse kwa mkono mtupu. Upande wa pili, wapo nyigu msumeno wasio na miguu ya tumbo kabisa: wale wa familia ya Pamphiliidae wanaosuka utando au kukunja majani, hawa utawajua kwa vipapasio virefu kichwani na vijipembe viwili mkiani. Wale wanaoishi ndani ya jani miguu yao imepungua sana. Na baadhi ya wale wa Australia, familia ya Pergidae, miguu ya tumbo imepungua au haipo. Watoto wa mende wanaokula majani wana miguu ya kifua lakini tumboni hakuna jozi za miguu, hao watoe mapema kwenye hesabu.

Hatua ya 3: Ujue mti vizuri

Nasisitiza hapa mana ni njia fupi kuliko zote. Nyigu msumeno wengi ni wachaguzi, spishi moja inakula aina moja ya mti au jenasi moja tu (kundi la spishi za karibu), kwahiyo ukijua mti umeshafuta asilimia kubwa sana ya majina. Kusema "ni mti wa majani" haitoshi. Kwa msonobari hesabu sindano zinazotoka pamoja kwenye kifungu kimoja, zinaweza kuwa 2, 3 au 5, na hiyo namba peke yake inasaidia: Neodiprion sertifer anapenda misonobari ya sindano 2, Diprion similis anapenda zaidi ile ya sindano 5, Neodiprion lecontei yuko zaidi kwenye ya sindano 2 na 3.

Angalia pia miti jirani. Kama mti wa aina moja umeliwa ukaisha na wa aina nyingine uliogusana nao matawi haujaguswa, hiyo ni taarifa nzuri sana, iandike.

Hatua ya 4: Soma namna alivyokula

Jani lililoliwa linabaki hata mdudu akiondoka, ndo mana naliweka kabla ya rangi.

Sindano za msonobari zilizokauka, zimejikunja na kuwa za rangi ya majani makavu huku bado zimeshika kwenye tawi, ni kazi ya lava wadogo wa familia ya Diprionidae. Wakiwa wadogo hawawezi kumaliza sindano nzima, wanakula nje na kuacha uzi wa katikati, nao unakauka. Wakikua wanakula sindano yote hadi chini. Afu angalia ni sindano zipi: za mwaka jana au za mwaka huu? Neodiprion sertifer anaanguliwa mwanzoni mwa majira ya kuchipua, chipukizi mpya hazijafunguka bado, kwahiyo anakula za zamani na kuacha za mwaka huu, mti unabaki na vishungi vya kijani kwenye ncha za matawi tu. Ukiona hivo mti mara nyingi hauji kufa. Ukiona zimeliwa zote, za zamani na mpya, kwenye nusu ya pili ya kiangazi, fikiria Neodiprion lecontei au Diprion similis, na hapo ndo pa kuwa makini.

Utando wa nyuzi uliojaa kinyesi na vipande vya sindano kwenye msonobari ni wale wa Pamphiliidae, jenasi ya Acantholyda.

Kwenye miti ya Ulmus (kwa Kiingereza elm) kuna moja ambayo ukishaiona hutaisahau, lava mdogo anaanzia ukingoni mwa jani akaingia ndani akikata kulia kushoto kulia kushoto, njia inakuwa ya zigizaga safi kabisa. Huyo ni Aproceros leucopoda, asili yake Asia ya mashariki, Ulaya alianza kuonekana mwaka 2003 na Amerika Kaskazini, huko Quebec, mwaka 2020. Madume yake hayajulikani, majike yanazaa yenyewe, na kwa mwaka anaweza kufika vizazi vinne, ndo mana anasambaa haraka hivo. Ila akikua zigizaga inapotea mana anakula jani lote hadi mshipa mkuu, kwahiyo tafuta majani yenye lava wadogo, usitafute yaliyoisha.

Jani likibaki kama wavu au dirisha, ngozi ya juu imekwanguliwa na mishipa imebaki, na juu yake kuna kitu cheusi kinachoteleza kimejaa ute, huyo ni jenasi ya Caliroa. Kwenye mpea, mcheri na jamaa zao ni Caliroa cerasi, asili ni Ulaya lakini leo yuko sehemu nyingi za dunia. Watu wanadhani ni konokono asie na gamba. Mguse kwa kijiti, ute ukitoka utaona chini kuna lava wa kijani wa kawaida, kifua kimevimba kuliko mkia.

Jani lenye baka la kahawia ambalo ukilishika limevimba kama mfuko mtupu, liinue kwenye mwanga. Ukiona ndani vidudu bapa na vidoa vya kinyesi, kuna mdudu anaeishi ndani ya jani. Kwenye mbetula (birch) mmoja maarufu ni Fenusa pumila, na lava wake kadhaa wanaweza kujikuta kwenye baka moja baada ya mabaka yao kuungana. Kwenye mwerebi (willow) ukikuta vivimbe vyekundu kama maharage vimepenya jani pande zote mbili, pasua kimoja: ndani ukikuta lava mwenye kichwa na miguu ni jenasi ya Euura (vitabu vya zamani vinaandika Pontania), spishi ya kawaida ni Euura proxima. Ukikuta kidudu kisicho na miguu wala kichwa cha kuonekana, ni mtoto wa nzi wadogo, sio huyu.

Hatua ya 5: Sasa angalia mwili, lakini kwa tahadhari

Kwanini rangi inadanganya? Kwanza lava akiwa mdogo na akiwa mkubwa anaweza kuwa tofauti kabisa. Pili, wengi wakijivua ngozi mara ya mwisho hawali tena, wanabadilika rangi na alama zinafifia, afu wanashuka kutafuta pa kujifungia. Yule Caliroa cerasi mweusi mwenye ute, mwishoni anakuwa wa manjano na mkavu, ukimkuta hapo huwezi amini ni yuleyule. Kwahiyo chukua maelezo kutoka kwa lava wakubwa ambao bado wanakula, na angalia wengi, sio mmoja.

Andika vitu hivi: rangi ya kichwa, rangi ya miguu ya kifua, mistari ya mgongoni na ubavuni, madoa, kama kuna nta nyeupe, kama kuna miiba, na kama wako kundi au mmoja mmoja. Kichwa ndo kinaaminika kuliko mwili, anza nacho.

Kwa misonobari: kichwa cheusi kinachong'aa, mwili wa kijani kijivu na mstari mweupe mgongoni, wako kundi, ni Neodiprion sertifer. Kichwa chekundu au kahawia nyekundu, mwili wa manjano wenye safu za madoa meusi, kundi, ni Neodiprion lecontei. Kichwa cheusi, mwili mweusi uliotapakaa madoa ya manjano na meupe, na wakikua wanatawanyika, ni Diprion similis. Kwenye Larix (larch), mwili wa kijani kijivu na kichwa cheusi, ni Pristiphora erichsonii, na ushahidi wa kuongezea ni vijitawi vichanga vilivyojikunja, mana jike anataga ndani ya kijitawi upande mmoja na upande huo unashindwa kukua.

Ukikuta lava mkubwa kweli kweli, karibu sentimita 5, kijani hafifu au manjano, ana mstari mmoja mweusi mgongoni na amejikunja duara, uko kwenye jenasi ya Cimbex. Ukimbana anaweza kurusha maji kutoka ubavuni, hayana shida. Hapa ndo utaona umuhimu wa mti na mahali: Cimbex americana yuko Amerika Kaskazini, anapenda Ulmus na mwerebi, na Cimbex femoratus yuko Ulaya na anakula mbetula. Kwa picha ya lava peke yake mtabishana hadi kesho, ukitaja mti na nchi ubishi umeisha.

Waliofunikwa na nta nyeupe kama pamba kwenye Alnus (alder) ni Eriocampa ovata, nta inafutika kwa kidole. Wenye miiba inayogawanyika ncha mbili kwenye mwaloni, jenasi ya Periclista. Na kule Australia kwenye mikaratusi, makundi ya lava weusi wenye vinywele vyeupe wanaolala wamebanana mchana na kwenda kula usiku, wakisumbuliwa wanatema mafuta ya mkaratusi mdomoni, ni Perga, anaejulikana zaidi ni Perga dorsalis.

Aproceros leucopoda mwili wake ni kijani tu, hana cha kushangaza, ila mwangalie vizuri miguu ya kifua: jozi ya pili na ya tatu ina alama ya kahawia kama herufi T. Ni kitu kidogo lakini kinamaliza ubishi.

Hatua ya 6: Tafuta mayai na vifukofuko

Wengi wanaruka hapa na wanakosa ushahidi mzuri. Diprionidae wanapasua sindano na kutaga mayai kwa mstari, utaona vidoa vya manjano vimepangana kwenye sindano moja. Kifukofuko chao (kijumba anachojisukia lava kabla ya kuwa mdudu mzima) ni kigumu kama karatasi nene, umbo la pipa dogo, kahawia, kwenye udongo, majani makavu au kwenye vijitawi. Nyigu msumeno akitoka anakata kifuniko cha duara mwishoni safi kabisa. Ukikuta kitundu kidogo kisicho mwishoni au cha kingo mbaya, mara nyingi aliyetoka ni adui yake, mdudu anaetaga ndani ya mwenzie, na ukikuta vingi hivyo ina maana mti una wasaidizi tayari, usipulize dawa ya kuua kila kitu. Aproceros wa kiangazi anasuka kifukofuko chepesi chenye matundu kama wavu chini ya jani, hicho nacho ni alama nzuri.

Hatua ya 7: Mfuge hadi atoke, kama unataka uhakika

Chombo chenye hewa, majani mabichi ya mti ule ule kila siku, na chini udongo laini wenye unyevu kidogo, usilowane. Safisha kinyesi mana ukungu unaua haraka. Jipe subira, spishi nyingi zinalala kwenye kifukofuko hadi msimu mwingine na baadhi zinapita hata mwaka.

Mzima akitoka angalia vipapasio kwanza. Vyenye kirungu mwishoni ni Cimbicidae. Dume mwenye vipapasio kama manyoya ya ndege na jike mwenye vya meno meno ni Diprionidae. Vyenye vipande vitatu tu, cha tatu kirefu sana, ni Argidae, familia ya Aproceros. Vipande tisa hivi, vya kawaida, ni Tenthredinidae, familia kubwa kuliko zote. Vipande vingi vyembamba kama uzi ni Pamphiliidae.

Kuhifadhi: lava mtumbukize kwenye maji ya moto sana kwa muda mfupi afu mweke kwenye ethanoli ya 70 hadi 80%, bila maji ya moto anageuka mweusi na kuoza. Rangi itapotea hata ufanyeje, ndo mana picha kwanza. Kama unataka kupima DNA, weka mwingine moja kwa moja kwenye ethanoli ya 95% au zaidi.

Hatua ya 8: Unafikaje kwenye jina

Anza na familia, shuka kwenye jenasi, afu spishi, na simama pale ushahidi unapoishia. "Jenasi ya Caliroa kwenye mwaloni" ni jibu zuri na la kweli kuliko jina la spishi ulilolipata kwa kufananisha rangi. Programu za simu za kutambua wadudu zinasaidia kwa Cimbex na wenye sura za pekee, ila kwa lava wa kijani wenye kichwa cha kawaida zinakisia tu, mana hazijui mti.

Mfano: mti ni Ulmus, majani yameliwa. Mdudu ana miguu ya kifua tu, jani limebaki wavu? Huyo ni mtoto wa mende, mmojawapo Xanthogaleruca luteola, toka nje ya mwongozo huu. Ana miguu ya tumbo mingi, mkubwa, amejikunja, mstari mweusi? Cimbex. Mdogo, hazidi sentimita 1 hivi, kijani, alama ya T miguuni, zigizaga jirani? Aproceros leucopoda, na huyo toa taarifa kwa mamlaka ya misitu au afya ya mimea ya nchi uliko, hasa kama hajawahi kuripotiwa huko.

Kuna majina ambayo lava peke yake hatakupa hata ufanye nini. Hapo mtaalamu anachukua jike mzima, anatoa ule msumeno na kuangalia meno yake kwenye maikroskopu. DNA inasaidia sana lakini kwa Neodiprion, DNA ya mitokondria (ile inayotoka kwa mama) peke yake inaweza kukupeleka kwa spishi jirani mana zimewahi kuchanganyikana, kwahiyo ukituma sampuli tuma lava, mzima kama unae, kifukofuko, kijitawi chenye sindano au majani, na zile picha zako pamoja na tarehe, mahali, aina ya mti na idadi ya jozi za miguu ulizohesabu.